Mwaka Umio Wangu Ulipogoma

Arobaini ya Shangazi Zena tuliisoma Ujiji, uani kwake, na mimi nilitoka Kasulu siku mbili kabla ili nisaidie kupika. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nikichambua mchele, nimewapa mgongo wasichana waliokuwa wakimenya vitunguu, ndipo nikamsikia mmoja wao, mjukuu wa jirani, akiwasimulia wenzake. "Marehemu alikuwa na mkono, jamani. Yule mama pale ujanani alifungwa koo. Alikuwa hamezi hata mate. Bibi Zena akamfungua kwa usiku mmoja." Mwenzake akauliza, "Alifungwa na nani?" "Na mtu wa sokoni. Wivu wa biashara." Wakaguna wote kwa pamoja, vitunguu vikaendelea kukatwa. Sikugeuka. Arobaini si mahali pa kubishana na watoto, na mchele ulikuwa bado una mawe. Lakini tangu siku ile najiambia kwamba nikinyamaza, na mimi nikafa, hadithi itakayobaki Ujiji ni hiyo ya usiku mmoja. Haukuwa usiku mmoja. Ulikuwa mwaka mzima, na koo langu halikufungwa na mtu. Nayajua yaliyotokea kwa sababu yalitokea kifuani mwangu mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikiishi na Shangazi katika chumba kimoja cha kupanga, vitanda viwili na pazia la kitenge katikati. Kila alfajiri tulitoka Ujiji kwenda Mwanga, ambako Shangazi alikuwa na kibanda cha chakula pembeni mwa soko: nguzo za mti, bati, meza moja ndefu iliyotandikwa plastiki ya maua, mabenchi mawili, na nyuma yake, ng'ambo ya pazia la magunia, jiko. Jikoni nilikuwa mimi. Nilisonga ugali wa muhogo, nikaunga migebuka, samaki wa ziwa letu, kwa mawese, nikachemsha maharage, na siku ya Ijumaa nikapika wali. Shangazi alikuwa mbele, akipakua na kuongea. Alikuwa na sauti ya mtu anayeita mashua iliyoko katikati ya ziwa, na wateja, wabeba mizigo, mafundi cherehani, wauza mchele, walikuja kwa ajili ya migebuka yangu na maneno yake. Nadhani hatukuwahi kujiuliza ni kipi kilichowaleta zaidi.

Tonge la kwanza lilikwama mchana mmoja wa kawaida kabisa. Nililimeza, likapita kooni vizuri, kisha likasimama katikati ya kifua. Nikanywa maji, na maji nayo yakakaa juu yake. Nikasimama, nikainua mikono, nikavuta pumzi, na baada ya muda nikahisi kitu kimeachia na kushuka. Nikajilaumu kwa pupa. Wiki iliyofuata ikatokea tena, halafu mara mbili kwa siku, halafu kila mlo, na baadaye hata chai na maziwa. Nikajifunza kula nimesimama, kula nyuma ya pazia, kula baada ya wote kuondoka ili asiwepo wa kuniona nikitembea huku na huku nikijipiga kifua. Nikilala, chakula kilirudi. Niliamka mto umelowa, na kilicholowesha ule mto kilikuwa wali uleule wa mchana, hauna hata uchungu wa matapishi, kana kwamba sikuwahi kuula. Nikaanza kukonda. Nguo nilizoshonewa sikukuu iliyopita nilizifunga kwa pini, kisha kwa mshipi, kisha nikaziacha.

Pazia la magunia lilikuwa jembamba, na mtu aliyeko mbele husahau kwamba jikoni kuna masikio. Siku moja wanaume wawili walikuwa wakinawa mikono, mmoja akasema, "Hivi wewe umewahi kumwona yule binti akila?" "Nani, mpishi?" "Mpishi. Miezi yote hii mimi sijamwona akitia kitu mdomoni." "Anavyokonda vile," mwenzake akasema, akashusha sauti, "ule ugonjwa unajulikana." "Au labda anajua alichotia humo ndani." Wakacheka. Nilikuwa nimeshika mwiko, na ugali ulikuwa unataka kugeuzwa, nikaugeuza. Wale wawili hawakurudi tena. Mwezi ule benchi moja lilibaki tupu saa za mchana, na Shangazi, ambaye hakuwahi kukaa kimya, akawa anafuta meza isiyo na kitu.

Hukumu yake ilikuwa fupi. "Hicho ni kimeo." Kila nyumba niliyoijua ilikuwa na mtu aliyekatwa kimeo, mtoto aliyekohoa sana, mzee aliyekonda, kwa hiyo sikubisha. Tulikwenda kwa mzee mmoja pembezoni mwa Ujiji. Akaniweka juani, akaniambia nifungue mdomo, akachungulia, akaguna, akaingiza chuma chake chembamba kilichopinda ncha, na kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi kikaja juu ya jani la mgomba mbele ya macho yangu. Nilitema damu siku mbili. Nilipoweza kunywa uji, ukakwama palepale, katikati ya kifua, chini kabisa ya mahali alipokata. Leo nikikumbuka, kinachonishangaza si kile chuma. Ni kwamba hakuna aliyeniuliza kinakwama wapi. Wote walisikia "siwezi kumeza" wakaangalia koo, na mimi, mtoto wa watu, nikafungua mdomo nilipoambiwa.

Baada ya kimeo kushindwa, Shangazi akasema kesho, Jumatano, tutafunga kibanda twende milimani, kuna mganga amesifiwa. Tulikuwa chumbani, anasuka nywele zake mwenyewe mbele ya kioo. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Mimi siendi."

"Huendi wapi?"

"Siendi kwa mganga, Shangazi. Nakwenda hospitali."

Mikono yake ikasimama kichwani. "Hospitali watakwambia nini? Watakupima damu, watakwambia unao, na kesho yake soko zima limeshajua. Tufunge kibanda tule nini?"

"Wakiniambia ninao, nitakuwa nimejua. Sasa hivi sijui kitu, na nakufa."

Hilo neno la mwisho lilikuwa halijasemwa katika chumba kile. Asubuhi ya Jumatano nilijifunga kanga, nikatoka peke yangu, nikiwa nimeazimia kufika hata kwa kutambaa. Nilipofika barabara kuu nikasikia ndala nyuma yangu. Nilizijua. Zilinifuata mwendo wa hatua kumi nyuma, sikugeuka na yeye hakuniita, mpaka tukapanda kilima cha hospitali namna hiyohiyo, na tulipofika kwenye benchi la wagonjwa akaja akakaa kando yangu, nywele zake zimesukwa upande mmoja tu.

Daktari alikuwa kijana, na Kiswahili chake kilikuwa na Kiha ndani yake. Tulipomwamkia na kueleza, hakuniambia nifungue mdomo. Aliniambia, "Nioneshe kwa kidole kinakwama wapi." Nikaweka kidole katikati ya kifua, chini, karibu na chembe cha moyo. Akanipa kikombe cha maji, akaweka kipima chake cha kusikilizia pale chini ya mbavu, akasema nimeze funda moja tu. Nikameza. Akaangalia saa yake ya mkononi. Tukasubiri. Nje mtu alikuwa anaita majina. "Maji hayajafika," akasema mwishowe.

"Hayajafika wapi?" akauliza Shangazi, kwa ukali wa mtu anayetapeliwa.

"Tumboni, mama. Wewe unadhani chakula kinafikaje tumboni?"

"Kinadondoka. Si tumesimama?"

"Na mbuzi akiinamisha kichwa mtoni akanywa, maji yanapandaje mpaka tumboni mwake?"

Namkumbuka Shangazi vile alivyokaa, kidole chake kikichora kitu kwenye goti. Daktari akatueleza kwamba chakula hakidondoki, kinasukumwa. Kutoka kooni mpaka kinapotokea, njia yote ni misuli. Inakaza nyuma ya tonge na kulegea mbele yake, inakaza na kulegea, na tonge linasogea hata kama mtu amelala, hata akiwa amesimama kwa kichwa. Tumbo nalo linakaza likikisaga, utumbo unakipokea na kukipeleka mbele kidogo kidogo, na sisi hatuamrishi hata sehemu moja ya kazi hiyo baada ya kumeza. Shangazi akamkatiza. "Utumbo wa mbuzi wa Idi," akasema. "Mbuzi ameshachinjwa, kichwa kiko kule, mimi naosha utumbo kwenye beseni, na unajinyonganyonga mkononi mwangu. Miaka yote nimesema ni roho haijatoka." Daktari akacheka kwa furaha. "Ndiyo hiyo, mama! Ndiyo misuli yenyewe. Sasa ya binti yako, hapa kifuani, imegoma. Na mlango wa kuingilia tumboni, ambao unatakiwa ufunguke chakula kikifika, umekaza haufunguki."

Akapima na damu. Ugonjwa ule niliosingiziwa sikuwa nao. Kisha nikapelekwa chumba cha eksirei, chumba baridi chenye giza, nikapewa kikombe cha kitu kizito cheupe kama chokaa, kikinuka peremende. Niliambiwa nisimame nimeegemea ubao na kunywa funda baada ya funda. Shangazi aliomba aone, akavalishwa aproni nzito iliyomfika miguuni, akasimama nyuma ya mtu wa mashine. Mimi sikuona kitu. Nilichopata ni sauti yake gizani, ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia. "Ni mfuko. Mfuko umejaa, na huku chini umefungwa kama kwa uzi." Kisha akasema, "Mwanangu ana njaa miezi yote hii, na chakula kiko hapo hapo mlangoni." Miaka yote iliyofuata, mtu akimuuliza habari za ugonjwa wangu alianza na neno hilohilo: "Niliona."

Dawa ilikuwa kisu cha aina nyingine. Daktari wa upasuaji alikuwa akija kwa zamu na angerudi baada ya miezi miwili, lakini hakuwa tayari kumlaza mezani mtu mwenye kilo thelathini na tisa. "Mleteni na arobaini na tano," tukaambiwa. Nilitamani kucheka. Wamenieleza kwamba chakula hakipiti, halafu wananiambia ninenepe. Shangazi hakucheka. Njiani kurudi alikuwa anahesabu kwa vidole vyakula vyenye majimaji.

Miezi ile miwili ndiyo ninayoikumbuka kuliko yote, kuliko hata harusi yangu. Alinitengenezea uji wa karanga mwembamba, akadondoshea mawese. Alichemsha vichwa vya migebuka mpaka mifupa ikalainika, akachuja supu kwa kitambaa. Maziwa, mayai yaliyopigwa, ndizi zilizopondwa mpaka zikawa maji. Kila saa, kikombe kidogo. Nilikunywa nimesimama wima, nikafuatishia maji ya moto kiasi, kwa kuwa maji ya moto yalilegeza kidogo ule mlango, kisha nikatembea kuzunguka kibanda mara tatu. Kulala nililala nimekaa, nimeegemezwa kwa magunia ya nguo. Kilichorudi kilirudi, na Shangazi aliosha kikombe na kusema, "Tunaanza upya." Hakusema pole. Siku zingine nilimchukia kwa kutosema pole. Sasa najua kwamba kama angeisema ningekaa chini, na kama ningekaa chini nisingeinuka.

Pazia la magunia aliling'oa. "Watu waone," akasema. Nikawa nakunywa uji wangu mbele ya wateja, na yeye, mwiko mkononi, akawaeleza wabeba mizigo habari za mbuzi anayeinamia mto na maji yanayopanda. Wengine walimkubalia kwa adabu tu. Lakini kila Ijumaa, baada ya swala, nilikwenda kupimwa kwenye mizani ya magunia ya Mzee Bakari, muuza mchele wa jirani, na taratibu watu wakaanza kusogea kuangalia. Arobaini. Arobaini na moja na nusu. Fundi cherehani mmoja akaanza kuniletea maziwa. Wiki moja nilishikwa na malaria, kilo mbili zikaondoka, na Ijumaa iliyofuata, kwa aibu, nilifunga jiwe la kusagia pilipili ndani ya kanga kabla ya kupanda mizani. Mzee Bakari akasoma arobaini na tatu, watu wakashangilia. Shangazi akanitazama, akanipapasa kiunoni, akatoa lile jiwe mbele ya wote. "Daktari atampasua nani," akauliza, "wewe au jiwe?" Soko likaangua kicheko. Mimi nikalia. Akanishika mkono, akaniongoza mpaka kibandani, akanipa kikombe. "Kilo iliyotoka inajua njia ya kurudi. Kunywa."

Nilifika arobaini na tano siku nne kabla ya daktari kuja. Shangazi alinivua ndala kwanza, akakagua mifuko, ndipo akamruhusu Mzee Bakari asome.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mfupi, mtulivu, mwenye kucha fupi kama za mtoto. Jioni moja kabla ya upasuaji alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu na kuniambia ukweli ambao nimeishi nao mpaka leo. "Nitaukata ule msuli uliokaza, mlango utabaki wazi. Lakini zile nguvu za kusukuma zilizokufa hapa kifuani, sina uwezo wa kuzirudisha. Maisha yako yote utakula umekaa wima, polepole, na maji mkononi. Chakula chako kitashuka kwa uzito wake." Nikamwuliza kuhusu huko chini, tumboni na kwenye utumbo. "Huko kote ni kuzima. Kikishaingia tu, kitabebwa." Nilimwambia hiyo inanitosha. Sikumwambia hivyo kwa ushujaa. Nilikuwa na njaa.

Walinifungua tumbo, wakakata, wakashona. Siku ya kwanza na ya pili sikuruhusiwa hata tone la maji, kwa sababu utumbo ukishikwashikwa na madaktari huacha kazi kwa muda, na lazima uamke wenyewe. Kila asubuhi muuguzi aliweka kipima juu ya tumbo langu na kusikiliza, na kila asubuhi aliuliza, bila kupepesa macho, kama nimetoa upepo. Nilitaka ardhi inimeze. Shangazi hakuwa na aibu hiyo. Alikaa kwenye mkeka kando ya kitanda, na kila akija mgeni kuniona alimweleza kwamba tunangoja upepo. Siku ya tatu, wakati wa chakula cha mchana, wodi imejaa watu na masufuria, tumbo langu likanguruma, likajipinda, na upepo ukatoka, wa kusikika. "Alhamdulillahi!" Shangazi akapiga kelele, mikono juu. Mama wa Kirundi wa kitanda cha pili, aliyekuwa ametuombea kwa lugha yake na rozari yake siku zote zile, akaitikia sifa hiyo, "Imana ishimwe!" Wodi nzima ikapiga makofi. Sijawahi kupigiwa makofi tena kwa lolote.

Wiki sita nilikunywa uji nyumbani. Tonge la kwanza la ugali nililila chumbani, nimekaa wima kwenye kiti, pazia la kitenge limefungwa pembeni ili mwanga uingie. Shangazi alisonga mwenyewe, ugali laini, na kipande cha mgebuka kisicho na mwiba hata mmoja. Alikuwa amekipapasa mara nyingi mpaka kimepoteza umbo. Nikatafuna sana. Nikameza. Nikasubiri kukwama, mkono mmoja umeshika bilauri, na badala ya kukwama nikahisi joto likishuka, likapita pale, likaendelea. Nikakata tonge la pili. Sahani ilipokwisha, Shangazi akaichukua akaenda kuiosha, akakaa huko uani muda mrefu kuliko sahani moja inavyohitaji.

Siku chache baadaye akaja na habari kwamba Bangwe kuna binti wa miaka kumi hawezi kumeza, na bibi yake anampeleka kesho yake akakatwe kimeo kwa mzee yuleyule. "Jifunge kanga," akaniambia. Mshono ulikuwa bado unavuta nikitembea, tukaenda polepole. Bibi wa yule mtoto alitupokea mlangoni, hakutukaribisha ndani. Tulimwamkia. Shangazi akamwomba ampeleke mtoto hospitali kwanza, na yule bibi, kwa heshima lakini kwa uthabiti, akasema wao wamekatwa vimeo tangu mababu, na hakuna aliyekufa, na yeye Zena si wa kuja kumfundisha kulea.

Nilikuwa nimesimama nyuma, nimeshika ubavu, nikitafuta maneno ya daktari. Sikupata nafasi ya kuyasema. Shangazi alivua ndala zake, kama mtu anayeingia msikitini, akapiga magoti kwenye kizingiti cha mwanamke asiyemjua, na kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia akasema, "Mama, mimi nilimpeleka huyu wangu. Nilimshika kichwa mwenyewe wakati anakatwa. Nilikosea, na nusura nimzike. Usinifuate mimi."

Tangu siku ile ya chuma mpaka hapo, hakuwahi kunitamkia neno hilo la kukosea, na mpaka tunamzika hakulirudia. Yule bibi alimtazama, akanitazama mimi, akatazama chini. Kisha akageuka akaita ndani, mtoto aletewe viatu.